Mdogo Asiyeitikiwa: Kwa Nini Wachezaji Humchukia Mwandani Mchanga katika Michezo ya Fantasia

Ikisiri

Mhusika mchanga anayefuatana na shujaa katika michezo ya video ya fantasia mara nyingi huchukiwa na wachezaji. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba mhusika huyo ni dhaifu, au kwamba analialia. Makala haya yanaonesha kuwa maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa wapo waandani dhaifu wanaopendwa na wapo wenye manufaa wanaochukiwa. Kwa kuilinganisha michezo hiyo na ngano za mdogo anayekataliwa safarini, zinazojulikana katika eneo la Maziwa Makuu na katika upwa wa Waswahili, makala yanadai kwamba chanzo cha chuki ni kauli ya mdogo kukosa mwitikio. Mchezaji hupewa wajibu wa mkubwa bila kupewa neno la mkubwa. Msikilizaji anayezingatiwa ni yule wa Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma.

1.0 Utangulizi

Michezo mingi ya video ya kifantasia humpa shujaa mwandani, yaani mhusika anayefuatana naye njiani, anayepigana kando yake na kuzungumza naye. Mwandani huyo anapokuwa mtoto au kijana mdogo, uhusiano wake na mchezaji huingia doa mapema. Hope Estheim wa Final Fantasy XIII (2009), mwenye umri wa miaka 14, alilalamikiwa na wachezaji wengi kwa huzuni na manung'uniko yake. Ashley Graham wa Resident Evil 4 (2005) akawa kielelezo cha mhusika anayelindwa huku akimchosha anayemlinda. Atreus, mwana wa Kratos katika God of War (2018), alipokewa vizuri zaidi. Hata hivyo, katika God of War Ragnarök (2022), sehemu ambazo mchezaji humwongoza Atreus badala ya baba yake zilizusha malalamiko. Resident Evil 4 kwa hakika ni mchezo wa kutisha, lakini umejumuishwa hapa kwa sababu Ashley ndiye anayetajwa mara kwa mara mjadala huu unapozuka.

Swali la makala haya ni moja: mchezaji anachukia nini hasa anapomchukia mwandani mchanga? Ili kulijibu, mjadala unatoka katika skrini na kwenda katika ngano, na unamchukua msikilizaji wa Buha, hususan Kasulu na Kibondo, kuwa kipimo. Sababu za uteuzi huo ni tatu. Kwanza, Giha kimo katika kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda (kundi D60 katika uainishaji wa Guthrie), na hivyo msikilizaji wake yuko katikati ya eneo la Maziwa Makuu ambamo ngano za mdogo na zimwi zimeenea. Pili, mtoto kulelewa na mtoto ni jambo la kila siku katika jamii za wakulima wa nyanda hizo. Binti mdogo kumweleka nduguye mgongoni ni sehemu ya kazi za nyumbani. Tatu, safari si jambo la kubuni huko. Katika enzi ya ukoloni, vijana wa Buha walitoka kwenda katika mashamba ya mkonge kama manamba. Kuanzia miaka ya 1990, eneo hilo limepokea watu waliokimbia vita vya Burundi na Kongo: kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilianzishwa mwaka 1996, na ile ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015. Miongoni mwa waliovuka mpaka wamo watoto waliokuwa chini ya uangalizi wa watoto wenzao. Mahali kama hapo, suala la mdogo anayewachelewesha wakubwa njiani lina uzito ambao mbunifu wa mchezo aliyeko mbali huenda asiufikirie.

2.0 Maelezo Mawili Yasiyotosha

Maelezo ya kwanza yanasema kwamba mwandani mchanga huchukiwa kwa kuwa ni dhaifu. Ashley huonekana kuyathibitisha. Katika mchezo wa mwaka 2005 ana kipimo chake cha uhai. Akiuawa au akibebwa na maadui, mchezo umekwisha. Mchezaji analazimika kupigana huku akimwangalia mtu mwingine. Mchezo huo ulipoundwa upya mwaka 2023, kipimo hicho kiliondolewa, ishara kwamba waundaji walitambua kuwa hapo palikuwa na kero.

Hata hivyo, hoja ya udhaifu inavunjwa na mchezo uliotangulia. Katika Ico (2001), ulioongozwa na Fumito Ueda, mvulana mwenye pembe humwongoza Yorda kwa kumshika mkono katika ngome ya kale. Yorda hawezi kupigana. Vivuli vikimnyakua na kumzamisha, mchezo umekwisha, sawasawa na kwa Ashley. Lakini Yorda hachukiwi. Mchezo huo umesifiwa kwa miaka mingi kwa sababu ya uhusiano wa wawili hao. Wajibu wa kumlinda mwingine ni uleule, lakini hisia ni tofauti kabisa.

Hope naye anaivunja hoja hiyohiyo kwa upande wa pili. Kwa kanuni za mapigano, yeye ni miongoni mwa wahusika wenye manufaa makubwa: ana nguvu kubwa za uchawi, huponya na huwaimarisha wenzake. Mchezaji anayempuuza hujinyima silaha nzuri. Hata hivyo amechukiwa.

Maelezo ya pili yanahusu tabia: mwandani mchanga analialia. Kwa Hope, maelezo haya yana ukweli fulani, na hayawezi kutenganishwa na matarajio ya kijinsia. Mvulana anayelia huvunja mwiko ambao wachezaji wengi wa kiume wamelelewa nao, kama vile msichana anayepiga kelele za kuomba msaada anavyochochea dharau iliyokuwapo tayari dhidi ya wanawake. Lakini Hope ana sababu ya kulia. Mama yake, Nora, amekufa, naye anamlaumu Snow, mtu ambaye sasa wanasafiri pamoja. Msomaji wa riwaya akikutana na mtoto wa aina hiyo hasemi kwamba anamkera, humhurumia. Kwa hiyo kilio peke yake hakielezi chuki. Linalotakiwa ni kuuliza kilio hicho kinasikika kutoka wapi, na anayekisikia ana nafasi gani ya kukijibu.

3.0 Mdogo Anayekataliwa katika Ngano

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na Kati hupatikana ngano yenye umbo lifuatalo. Kundi la vijana linaondoka nyumbani kwenda kutafuta kuni, matunda au uchumba. Mdogo wao, ambaye mara nyingi ana upele au vidonda, anataka kufuatana nao. Wanamfukuza, anarudi nyuma kidogo kisha anawafuata tena. Usiku unawakuta katika nyumba ya zimwi. Wakubwa wanalala fofofo. Mdogo halali, ama kwa kuwashwa na upele wake au kwa kushuku jambo. Zimwi likiuliza ni nani aliye macho, yeye ndiye anayejibu, na kila mara huomba kitu kipya ambacho zimwi lazima likitafute kwanza. Maombi hayo hulichosha zimwi hadi kunapambazuka, na kundi zima linaokoka.

Katika upwa, mdogo anayedharauliwa anaonekana kwa sura nyingine katika kisa cha Sultani Majinuni, kilichochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870. Mwana wa mwisho, anayeitwa Mkaajikoni kwa sababu hatoki jikoni, hahesabiwi na baba yake. Kaka zake wanatumwa kulinda mtende na wote wanashindwa kwa sababu ya usingizi. Yeye anatia changarawe kinywani ili asilale, naye anafanikiwa. Baadaye anamsaka nunda anayekula watu. Kila akiua mnyama humpeleka kwa mama yake akiimba kuuliza iwapo huyo ndiye nunda, na mama humjibu kwa wimbo kwamba siye, mpaka siku ya nunda mwenyewe.

Mambo matatu yanaziunganisha ngano hizi, na yote yanahusu suala la michezo. La kwanza ni kwamba chuki dhidi ya mdogo imo ndani ya hadithi. Ni chuki ya kaka, ya dada au ya baba, na msikilizaji anaitazama kutoka nje. Kwa kuwa anajua zaidi kuliko wakubwa hao, hana haja ya kushiriki katika kosa lao. Methali isemayo mdharau mwiba mguu huota tende inawahusu wao, naye anaisubiri itimie.

La pili ni kwamba kero ya mdogo na manufaa yake ni kitu kimoja. Upele uliowafanya wakubwa wamwonee kinyaa ndio unaomfanya akeshe. Maombi yasiyokwisha, ambayo nyumbani yangehesabiwa kuwa deko, ndiyo yanayolichelewesha zimwi. Ngano haimtoi mdogo katika udhaifu wake ili imfanye shujaa. Inaugeuza udhaifu wenyewe uwe kazi.

La tatu, na ndilo zito zaidi kwa mjadala huu, ni kwamba mdogo hurudiarudia maneno, na marudio yake huitikiwa. Zimwi linauliza, mtoto anajibu. Mkaajikoni anaimba, mama anaitikia. Mtambaji akifika hapo, hadhira huingia: wimbo huwa kiitikio na wasikilizaji hupokea. Kwa hiyo marudio hayamchoshi msikilizaji. Anayangojea, kwa sababu hapo ndipo anapopata zamu ya kusema.

4.0 Kauli Isiyoitikiwa

Mazungumzo ya Kiswahili, kama ya lugha nyingine za eneo hili, yamejengwa juu ya jozi. Hodi hudai karibu. Shikamoo hudai marahaba. Mtambaji akisema "paukwa", hadhira husema "pakawa". Katika Buha, salamu ya asubuhi ya "mwakeye" nayo haikamiliki hadi iitikiwe. Mkubwa asiyeitikia shikamoo ya mtoto hajakaa kimya tu. Amefanya tendo, na tendo hilo ni la kumnyima mtoto nafasi yake. Kwa upande mwingine, mtoto anayeendelea kuamkia asiyejibiwa hugeuka kero hata kwa waliokaa pembeni, ingawa kosa si lake.

Hali hiyo ndiyo inayotengenezwa na mchezo. Kauli za mwandani hurekodiwa na kuhifadhiwa, kisha programu huzichagua kulingana na tukio: adui ametokea, shujaa ameumia, njia imefungwa. Hifadhi ya kauli ikiwa ndogo na mchezo ukiwa mrefu, kauli zilezile hurudi mara nyingi. Ashley anaita, na mchezaji hana kitufe cha kumwambia "nakuja, mdogo wangu". Anaweza kumwamuru asubiri au afuate. Hana njia ya kumtuliza. Hope anaeleza uchungu wake kwa saa nyingi za mchezo katika matukio ambayo mchezaji huyatazama bila kuingilia. Mchezaji anaujua ukweli kuhusu kifo cha Nora, kwa kuwa alikishuhudia. Anajua pia kwamba Snow hakukusudia. Lakini hawezi kumwambia Hope neno hilo moja. Anabebeshwa ujuzi wa mkubwa pamoja na ububu wa mtumishi.

Kwa msingi huu, tofauti ya Yorda inaeleweka. Yorda huzungumza lugha ambayo Ico haielewi, na maandishi yake kwenye skrini ni alama zisizosomeka. Kauli zake haziwi madai yanayosubiri jibu. Zaidi ya hayo, uhusiano wao una jozi yake isiyo ya maneno: mvulana anaita, Yorda anakuja, anatoa mkono, Yorda anaushika. Milango iliyofungwa kwa sanamu hufunguka kwa nguvu za Yorda peke yake. Wito una mwitikio, na mlindwaji ana kazi.

Atreus anathibitisha jambo hilohilo kwa namna ya tatu. Yeye husema sana, lakini baba yake humjibu, hata kama ni kwa neno moja la ukali. Aidha, Kratos hawezi kusoma maandishi ya nchi ile, na mtoto ndiye anayemsomea. Mkubwa anamhitaji mdogo kwa jambo ambalo nguvu haziliwezi. Katika sehemu ya mchezo ambapo Atreus anagundua kuwa ana damu ya miungu na kuanza kiburi, mchezaji humchukia kweli, lakini hadithi inaitambua chuki hiyo: Kratos anamkemea, na mtoto anabadilika. Tatizo linajitokeza upya katika Ragnarök, pale waandani wanapotamka jibu la fumbo kabla mchezaji hajafikiri. Huko kauli ya mwandani haingoji jibu wala kulijibu swali lililoulizwa. Inachukua zamu ya mwenzake.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyosaidia kuliweka jambo hili wazi. Mzigo hubebwa; mtoto huelekwa. Anayebeba mzigo hahitaji kusema nao. Anayemweleka mtoto humwimbia, humtikisa na kumjibu, naye mtoto akilia mgongoni, kilio hicho ni sehemu ya mazungumzo kati yao. Michezo inayozalisha chuki ni ile inayomweka mtoto mgongoni mwa mchezaji kisha ikamtaka ambebe kama gunia. Gunia linalopiga kelele lazima limkere mbebaji.

5.0 Mchezaji Kuwekwa Katika Nafasi ya Mdogo

Tales of Kenzera: ZAU, uliotolewa Aprili 2024 na Surgent Studios, studio iliyoasisiwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, unastahili kutazamwa kwa makini katika mjadala huu. Mchezo huo umejengwa juu ya visaasili vya jamii za Kibantu na unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Zau, mganga kijana, anataka baba yake aliyekufa arudishwe. Anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, kwamba atamletea roho kuu tatu ili apewe anachokitaka. Kisa hicho chenyewe ni hadithi inayosomwa na kijana mwingine, Zuberi, ambaye baba yake aliiandika kabla ya kufa.

Kwa sifa za nje, Zau ni ndugu yake Hope: kijana mwenye msiba, hasira na haraka. Tofauti ni ya nafasi. Hapa mchezaji ndiye kijana, na mwandani ni mzee. Kalunga ndiye mwenye subira ya kumsikiliza anayenung'unika, naye humjibu, humwonya na humwelekeza. Tena, mchezo unatenga mahali pa kunyamaza: Zau anaweza kukaa chini ya mbuyu na kutafakari, na kwa kufanya hivyo kiwango cha uhai wake huongezeka. Huzuni iliyochukuliwa katika michezo mingine kuwa kikwazo cha safari imegeuzwa kuwa sehemu ya nguvu za msafiri.

Hata hivyo, suluhisho hili lina gharama. Kwa kumweka mchezaji katika nafasi ya mdogo, mchezo unakwepa swali gumu zaidi la ngano, yaani namna mkubwa anavyojifunza kumthamini mdogo aliyemkataa. Mdogo akiwa mimi, sina haja ya kumsamehe kwa kunichelewesha. Kalunga naye ni mungu. Uvumilivu wake haumgharimu kitu. Kaka wa miaka kumi na miwili aliyechoka njiani, mwenye mdogo asiyetaka kutembea, hapati mfano wake katika mchezo huu.

6.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba ulinganishi huu hauna haki, kwa kuwa ngano huisha kwa dakika chache na mchezo huchukua makumi ya saa. Marudio yanayovumilika jioni moja huenda yasivumilike kwa mwezi. Pingamizi hili lina uzito, lakini linaipa nguvu hoja ya makala. Ngano haisikilizwi mara moja; mtoto huisikia kwa miaka, na huyajua maneno ya mdogo kabla hayajatamkwa. Kinachoifanya isichoshe ni kwamba kila mara anashiriki upya.

Pingamizi la pili ni kwamba mchezaji tayari anashiriki kwa vitendo, na kwamba kumwokoa Ashley ni jibu tosha. Hilo ni kweli kwa sehemu. Lakini kumwokoa mtu na kumjibu ni mambo mawili. Katika ngano, mama wa Mkaajikoni hamsaidii kuwinda. Humjibu tu, na jibu hilo humtuma tena porini.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mchezo hauchezwi na mtu mmoja chumbani kila mahali. Katika miji ya Tanzania, midogo na mikubwa, vijana huchezea gemu vibandani kwa malipo, huku wenzao wakitazama na kusubiri zamu. Watazamaji hao husema: humcheka mchezaji, humwelekeza, huwajibu wahusika walio katika skrini. Ingawa michezo ya mpira ndiyo inayotawala huko, mazingira hayo yana kitu ambacho mchezo wa fantasia ulioundwa kwa mtu mmoja hauna: hadhira inayopokea. Kauli ya mwandani inayomchosha mchezaji pekee yaweza kuwa kiitikio mbele ya watu kumi. Hili ni eneo linalohitaji utafiti wa uwandani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba umri, udhaifu na kilio vya mwandani mchanga haviwezi, kila kimoja peke yake, kueleza chuki ya wachezaji. Chuki hiyo hutokea pale mchezo unapompa mchezaji nafasi ya mkubwa wa kwenye ngano, yule anayemfukuza mdogo wake njiani, bila kumpa neno la kumwambia mdogo huyo na bila hadithi kuihukumu chuki yenyewe. Ngano huitambua chuki ya mkubwa na kuiadibu. Mchezo huiamsha na kuiacha bila jina, na mchezaji anaondoka akiamini kwamba kosa ni la mtoto.

Jambo hili lina maana kwa wanaokusudia kuzigeuza ngano za eneo hili kuwa michezo, katuni au programu za kufundishia. Ngano ya mdogo mwenye upele inaweza kugeuzwa mchezo kwa urahisi mno: kundi, njia, zimwi, na mtoto wa kulindwa. Ikifanywa hivyo kwa kanuni zilizozoeleka, itamfundisha mchezaji kinyume cha kile ilichotungiwa. Mbunifu analazimika kuamua mambo mawili mapema: mkubwa atamjibu mdogo kwa njia gani, na kero ya mdogo itageuka kuwa kazi wakati gani. Kwa mtoto wa Kasulu au Kibondo aliyewahi kutembea na nduguye mgongoni, au aliyewahi kuwa yeye mwenyewe huyo ndugu wa mgongoni, uamuzi huo ndio utakaoonesha iwapo mchezo unamzungumzia yeye au unamzungumzia mzigo.